Meno ya Ukoo

Jino langu la mbele la upande wa kulia si langu lote. Robo yake ya chini ni ziba. Rangi imefananishwa na jino lenyewe, lakini ukinitazama juani utaijua. Robo ya asili niliiacha kwenye lami ya Ngamiani, Tanga, nikiwa darasa la nne. Nilipakiwa mbele, kwenye fremu ya baiskeli ya binamu yangu, mguu ukaingia kwenye spoki, tukaenda chini wote wawili. Binamu naye aliangukia uso. Akachubuka pua na kidevu, akaamka kutafuta ndara yake. Mimi meno yalitangulia kufika.

Meno yangu ya juu yalikuwa nje. Shuleni niliitwa Opena, na mvua ikianza kunyunya hakukosekana wa kuniambia niingie ndani yasilowe. Utani wa Tanga huo, ukiukasirikia umekwisha. Nyumbani mama hakuona tatizo. Sebuleni kwetu kuna picha ya babu, baba yake mama, amevaa kanzu na kofia, midomo haijakutana. "Meno ya ukoo hayo," mama akisema hivyo, mazungumzo yameishia hapo.

Nikakua nikiamini kwamba taya langu la juu limetokeza. Nikajifundisha kufunga mdomo kwa makusudi. Asiye na hali hii hajui kwamba kufunga mdomo ni kazi. Ukiilazimisha midomo ikutane, kidevu kinajikunja vitundu vitundu kama ganda la chungwa la Muheza, na kwenye picha kila mtu anadhani umenuna. Usiku huna wa kumlazimisha. Unalala mdomo wazi, asubuhi fizi za mbele zimekauka na kuwa nyekundu, ukipiga mswaki unatema damu.

Nilipofika miaka 27 nilikuwa na banda langu la kutengeneza baiskeli, nina mke na mtoto, na meno nilishayazoea. Kilichonitoa nyumbani si sura. Lile jino lililovunjika lilianza kugeuka rangi, kijivu kama risasi. Kumbe ndani lilikuwa limekufa zamani. Daktari wa meno akalitoboa, akasafisha mzizi, akaujaza, halafu akaniambia neno ambalo sikulitegemea: "Ziba nakuwekea leo. Lakini jino likibaki huko mbele lilipo, siku moja litapigwa tena. Nenda kapange meno, ndugu yangu."

Hapo nilianza na ujinga. Niliagiza kwa simu kidubwasha cha mpira wa buluu cha kung'ata usiku. Matangazo yake yalionyesha meno yakijipanga wiki kwa wiki. Nilikitafuna miezi mitatu. Kilichobadilika ni foronya, kwa udenda.

Kisha nikaenda mahali ambapo sitapataja. Nilikaa kitini dakika kumi, nikafunguliwa mdomo, nikaambiwa tung'oe manne, tufunge waya, miezi sita umemaliza. Eksirei hakuna. Ule udongo wa kung'ata ili wapate umbo la meno, hakuna. Mimi ni fundi. Mtu akinitajia bei ya kunyoosha ringi kabla hajaizungusha, najua hajui anachokwenda kufanya. Nikaaga kwa adabu nikatoka.

Daktari bingwa wa kupanga meno nilimpata Dar es Salaam, kilomita kama 350. Basi la alfajiri kutoka stendi ya Kange, Muheza, Segera, Mkata, Wami, Chalinze, hadi unaingia mjini jua limeshakuwa kali. Daktari mwenyewe mama wa makamo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akinionyesha kiti. Alichukua kirula kidogo cha chuma akakiingiza kati ya meno ya juu na ya chini. "Milimita 9," akamwambia msaidizi wake. Kwa watu wengi ni 2 au 3 hivi. Siku hiyo hakuniambia lolote zaidi. Alinipiga picha za uso, mbele na ubavuni, akanipa ule udongo nikang'ata, akanituma kwenye eksirei ya kichwa cha ubavuni. "Rudi baada ya wiki mbili."

Niliporudi, eksirei ilikuwa juu ya kisanduku cha taa, imefunikwa karatasi ya kupenya mwanga, na juu ya karatasi ameshachora mistari kwa penseli. Nilijiona fuvu langu mwenyewe kwa ubavu. Akaweka ncha ya penseli chini ya pua. "Hapa ndipo taya lako la juu linapokomea. Liko panapotakiwa." Akateremsha penseli. "Hili la chini ndilo halikufika."

Nilikaa kimya kidogo. Miaka ishirini nimelilaumu taya la juu, kumbe la chini ndilo lililobaki nyuma, na meno ya juu, kwa kukosa wa kuyazuia, yakalala mbele zaidi. Mdomo wa chini ulikuwa unaingia nyuma yake na kuyasukuma nje kila nilipomeza mate. Akaniambia hali yangu ndiyo inayowaleta wengi wa wale wanaosema taya la juu limetoka: ukichora mistari unakuta mkosaji ni wa chini. Akaongeza kwamba zile pembe za vitabuni, za kupima nani yuko mbele na nani yuko nyuma, wengi waliopimwa walikuwa Wazungu, na uso wa Mwafrika kwa maumbile midomo na meno hukaa mbele kidogo. "Wengine nawarudisha nyumbani," akasema. "Juu na chini vyote viko mbele sawasawa, wanang'ata vizuri, midomo inafunga. Huyo ni mzima. Namtibu nini?"

Wenye taya la juu lililotokeza kweli wapo. Kwenye benchi nilikuwa nimekaa na dada mmoja wa Bagamoyo, akicheka fizi zote za juu zinaonekana, na yeye alikuwa anaandaliwa upasuaji. Daktari alinieleza kazi yenyewe nilipouliza. Taya la juu hukatwa kwa mlalo, juu ya mizizi ya meno, likainuliwa na kupangwa upya, halafu likafungwa kwa vibati na skrubu. Njia ya mkato huo ina jina la Mfaransa, René Le Fort, ambaye mwaka 1901 alieleza mistari ambayo mifupa ya uso huvunjikia, baada ya kupiga vichwa vya maiti na kuangalia vinapasuka wapi. Kuliinua taya kunawezekana. Kulirudisha nyuma lote ni shida kwa sababu nyuma yake pameshajaa, ndiyo maana mara nyingi hung'olewa gego dogo kila upande, na kipande cha mbele peke yake ndicho kinachorudishwa kwenye nafasi hiyo. Yule dada alikuwa amekula waya mwaka mzima kabla ya siku ya kisu. Aliniambia anachokiogopa ni uji. Wiki kadhaa za uji.

Kwangu mimi daktari alisema, "Ungekuja ukiwa na miaka 12 ningekuwa na mengi ya kukwambia. Sasa mifupa imeshafunga hesabu." Njia mbili. Ya kwanza, kulifuata taya lenyewe: kulikata la chini pande zote mbili, nyuma ya magego, na kulisogeza mbele. Hiyo ndiyo inayorekebisha kosa penye kosa. Lakini ndani ya mfupa ule kuna mshipa wa fahamu, na wapo wanaobaki na ganzi ya mdomo wa chini na kidevu, wengine miezi, wengine moja kwa moja. Tena kabla ya kisu waya huyapanga meno kwa kufuata taya lake, kwa hiyo kwa muda unatisha kuliko ulivyokuja. Ya pili, kuficha. Taya linaachwa lilivyo, vinang'olewa vigego viwili vya juu, vile vya kwanza nyuma ya chonge, kila kimoja kinaacha kama milimita 7, na meno sita ya mbele yanavutwa yarudi.

Nikauliza habari za zile plastiki zinazofanana na kioo, maana nimeziona. Akasema zinafanya kazi, ila safari ndefu ya kurudisha meno kwenye pengo la gego ni ngumu kwao kuliko kwa waya, na asiyezivaa saa 22 kwa siku anapoteza pesa. Kisha akanionya bila mimi kuuliza: midomo itafuata meno, lakini si milimita kwa milimita, na kidevu hakitaota. Nilimpenda kwa hilo. Fundi anayekwambia kisichowezekana, mwingine wa nini?

Nikachagua kuficha. Jumla ya fedha ilikuwa ya kununulia bodaboda mpya, na bima yangu haikuchangia hata senti. Nililipa kidogo kidogo kila safari.

Siku ya kung'oa nikaomba nivione. Viwili, vizima, vyeupe, kila kimoja na mizizi miwili mirefu, nisingedhani kitu kinachoonekana kidogo mdomoni kina miguu hivyo. Mama alisikitika wiki nzima. "Umekwenda Dar kulipa watu wakung'oe meno mazima!" Sikuwa na jibu la kumtosha.

Waya niliuelewa haraka kuliko wagonjwa wenzangu, na sababu ni banda langu. Ringi iliyopinda huinyooshi kwa nyundo. Unalegeza spoki ya huku robo, unakaza ya kule robo, unazungusha, unaangalia. Ukikaza kwa hasira inapinda kwingine. Meno nayo hivyo. Upande unaosukumwa, mwili wenyewe unaula mfupa taratibu. Upande unaoachwa, unajenga mwingine. Ukisukuma kwa nguvu nyingi hupati haraka, unapata maumivu na mizizi iliyolika. Mwendo ni kama milimita moja kwa mwezi. Walianza na waya mwembamba laini wa nikeli na titani, ukiubana kwenye jino unarudi wenyewe kwenye umbo lake, wakamaliza na wa chuma mnene wa pembe nne.

Kuna kitu kimoja ambacho kwenye baiskeli hakipo. Ukiyavuta meno ya mbele kwa kuyashikiza kwenye magego, magego nayo yanakuja mbele. Kama watu wawili wanaovutana kamba kwenye mchanga, wote wanasogea. Pengo linaziba na meno hayajarudi. Kwa hiyo walinitia skrubu mbili za titani kwenye mfupa, kati ya mizizi ya magego, urefu milimita 8. Ganzi ndogo, dakika chache, nikasikia mgandamizo tu. Zikawa ndizo nguzo za kuvutia. Moja ililegea mwezi wa tatu ikabidi iwekwe upya pembeni kidogo, na baada ya hapo zikatulia mpaka mwisho.

Makosa yangu ni mawili ya kukumbukwa. La kwanza ni kashata. Nilijua nimekatazwa kashata, mua, mahindi ya kuchoma na barafu, lakini ilikuwa Idi, nikasema kimoja. Breketi ya chonge, kile kidude kinachogandishwa kwenye jino kushika waya, ikang'oka na kuning'inia, na ncha ya waya ikaanza kunichoma shavu. Ilikuwa siku tatu za sikukuu, daktari yuko kilomita 350. Nta niliyopewa niliiacha Dar. Usiku wa pili nikachukua koleo yangu ndogo ya kukatia waya wa breki, nikaichemsha, mke wangu akashika tochi ya simu, nikakata. Kile kipande kikaruka kikaangukia kwenye ulimi, nikatema mbio. Daktari aliponisikiliza hakucheka. Kingekuwa kimeenda kwenye mapafu, alisema, tungekuwa na mazungumzo mengine. Ukibanwa kabisa, kwanza weka kipande cha pamba nyuma ya waya, ndipo ukate.

La pili nitalieleza, lakini lilikuja baada ya miezi 28, siku waya zilipotoka. Milimita 9 zilikuwa 3. Kidevu kilikuwa kilekile, kama alivyonionya. Lakini midomo ilikutana yenyewe, bila mimi kuiambia. Wiki ile mke wangu aliniamsha usiku wa manane kwa kunitikisa. "Ulikuwa umefunga mdomo, nikadhani umekufa."

Nikapewa ritena, ganda la plastiki nyembamba la kuvaa meno yasirudi yalikotoka. Miezi ya mwanzo usiku na mchana, baadaye usiku tu, na nikiuliza mpaka lini naambiwa maadamu nayataka meno yabaki hapo. Mimi kwa usafi wangu, siku moja nikaimwagia maji yaliyochemka, kama tulivyokuwa tukifanya chupa za mtoto. Ikajikunja mbele ya macho yangu kama jani la mgomba motoni. Nikasema nitakwenda mwezi ujao. Nilikwenda baada ya miezi minne, na katikati ya meno ya mbele palishafunguka nafasi ya kupitisha kucha. Nikalipia ritena mpya, na nafasi ile imebaki nusu yake mpaka leo. Ritena inaoshwa kwa maji ya baridi na mswaki.

Mwaka 2022 mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 12, na alikuwa mimi mtupu. Mama alifurahi, "huyu ndiye babu yake." Mimi nilikuwa naona lami. Anaendesha baiskeli tangu ana miaka sita, mtoto wa fundi atafanya nini, na kila akikunja kona ya barabara ya kwetu mimi natazama meno.

Daktari yuleyule alimwangalia urefu, akamgeukia mama yake: "Suruali za shule zimeanza kumkimbia?" Mke wangu akasema za Januari zimeshafika juu ya vifundo. Daktari akacheka, akaenda kwenye eksirei akatuonyesha mifupa ya shingo, namna umbo lake linavyobadilika mtoto anapokaribia kurefuka kwa kasi. Huo ndio wakati wake. Kama taya la juu ndilo lingekuwa mbele, alisema, angefikiria hedgea, mkanda wa kichwani unaovuta magego ya juu nyuma na kulichelewesha taya huku uso mwingine unakua, saa 12 hadi 14 kwa siku. Vijana hawaupendi. Lakini huyu ni wa kwetu, la chini ndilo lililochelewa, kwa hiyo akapewa kifaa cha vipande viwili, kimoja juu kimoja chini, vyenye miteremko inayokutana kiasi kwamba huwezi kufunga mdomo bila taya la chini kuteleza mbele. Kinaitwa Twin Block. Daktari William Clark wa Uskoti ndiye aliyekibuni mwaka 1977, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtoto wa daktari mwenzake aliyeanguka na kung'oka jino la mbele. Niliposikia hivyo nikajigusa ziba yangu.

Wiki mbili za kwanza nyumba ilikuwa ya udenda na manung'uniko. Ustadhi wa madrasa akaniletea salamu: sini za mwanao zote zimekuwa thaa, kila 's' anaitamka 'th'. Nikaenda kumweleza, akataka kukiona, mtoto akakitoa, ustadhi akakigeuza geuza kwenye mwanga akasema, "Basi asome navyo, ulimi utazoea." Ulizoea. Kazi kubwa ilikuwa kuhakikisha anakivaa, maana mtoto alikuwa anakificha mfukoni akicheza mpira. Mpirani tuliruhusiwa kukitoa. Darasani hapana.

Baada ya miezi 11 milimita 8 zilikuwa 3. Daktari, kama kawaida yake, akapunguza sherehe. Sehemu kubwa ya hizo ni meno yenyewe yaliyojilaza, ya juu nyuma na ya chini mbele. Taya limechangia kidogo tu. Nikamuuliza kwa nini basi tusingeanza akiwa na miaka minane. Akasema tafiti zimeshalinganisha, wanaoanza mapema na wanaosubiri ujana huishia karibu palepale, na safari mbili ni gharama mbili. Tofauti iliyoonekana ni moja: waliotangulia huvunja meno ya mbele mara chache kuliko wenzao. Kwa mtoto wa mtu mwingine ningesema asubiri. Kwa mtoto wa fundi baiskeli sijui ningesema nini.

Mwaka jana alianguka, karibu na stendi ya zamani, mnyororo wa baiskeli ulichomoka. Alirudi na goti limechanika na kidevu kimepakazwa vumbi. Nilimfungua mdomo kabla ya kuangalia goti.

Siku alipovuliwa waya wa kumalizia, tulipitia kwa mama. Akamshika mjukuu wake kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua nazi sokoni, akamwambia acheke, afunge mdomo, acheke tena. Kisha akaiangalia ile picha.

"Haya," akasema. "Babu yenu mmemwacha peke yake ukutani."